Nukta Iliyoruka

Walimwita Sumaku, na jina hilo hakulipata bure. Vidole vyake havikuwahi kukutana na kitu vikakiacha kilivyo. Akiona kitasa, atakijaribu. Akiona kalamu, ataifungua atazame springi yake. Saa ya ukutani ya darasa la sita iliacha kusema ukweli tangu siku aliyopandishwa juu ya kiti kuifuta vumbi. Mwalimu wa sayansi alisema mtoto huyu ama atakuja kuwa fundi mkubwa, ama ataunguza nyumba ya watu. Mama yake alipoambiwa hakucheka, maana aliona yote mawili yanawezekana.

Mama huyo alikuwa mwangalizi wa rada bandarini. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya kioo, ghorofa ya tatu ya jengo la bandari, na kuangalia ni chombo gani kinaingia, kipi kinatoka, na kipi kinaelekea kuparamia miamba. Tangu bibi alipokwenda kumuuguza shangazi, nyumbani hakukuwa na mtu mchana. Kwa hiyo Sumaku akitoka shuleni aliteremka kilima mpaka bandarini, akapanda ngazi, akaamkia, kisha akakaa kwenye benchi la dirishani na madaftari yake mpaka zamu ya mama iishe.

Mkuu wa chumba kile walimwita Nahodha. Alikuwa nahodha kweli zamani, lakini goti lilimshinda akahamia nchi kavu, jina likamfuata. Siku ya kwanza alimtazama Sumaku kwa miwani yake iliyoshuka puani.

"Nimekubali ukae hapa kwa sababu mama yako hana pa kukuacha," alisema. "Lakini sifa zako zimekutangulia, mjukuu wangu. Hivyo vidole viache kule chini kwa mlinzi. Utavichukua ukitoka."

"Sawa, babu," Sumaku alijibu, akaficha mikono nyuma ya mgongo.

Alikipenda kile kioo kuliko televisheni. Mama alimweleza kwamba juu ya paa kuna antena inayozunguka, na kila inapozunguka hutupa mawimbi yasiyoonekana wala kusikika. Mawimbi yakigonga kitu hurudi, kama mtu anavyopiga ukelele mbele ya jabali akasikia sauti yake ikimrudia. Meli ikirudisha mawimbi, nukta ya kijani huwaka kwenye kioo. Boya nalo lina nukta yake. Na mvua pia hurudisha mawimbi, ikajaza kioo madoa.

"Na hiki?" Sumaku aliuliza, kidole kikielekea kwenye kitufe cha kuzungusha kilichokuwa pembeni.

"Kidole!" Mama alimkemea, na kidole kikarudi. "Hicho kinapunguza madoa ya mvua, tuone meli vizuri. Lakini unakizungusha kidogo tu. Ukizidisha, kinafuta na vitu vidogo. Kuna mtumbwi wenye watu ndani, wewe huuoni tena. Ndiyo maana hapa tuna sharti. Anayekigusa anasema kwa sauti, 'Napunguza mvua,' na mwenzake anaitikia. Hata ukiwa peke yako, unasema."

"Unamwambia nani sasa, kama uko peke yako?"

"Unajiambia mwenyewe, usije ukasahau. Kioo kikiwa safi, mtu hudhani na bahari ni safi."

Siku ile mambo yalipoharibika, mvua ilianza mchana kama mtu aliyemwaga beseni. Nahodha alikuwa kwenye mkutano mjini, na yule anayeshika redio alikuwa ameomba ruhusa, anaumwa. Mama alikuwa peke yake. Simu ya ndani ikalia. Ni mlinzi, na sauti yake ilisikika mpaka kwenye benchi. Maji yalikuwa yanaingia chumba cha jenereta, na mwenye ufunguo wa pampu ni mama.

Mama alitazama kioo. Palikuwa na meli moja kubwa iliyotia nanga, basi. Akatazama mlango, akatazama tena kioo.

"Nashuka mara moja," alisema. "Redio ikiita, niite pale ngazini. Na usiguse kitu. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Alisikia kweli. Tatizo la Sumaku halikuwahi kuwa masikio.

Alikaa kwenye benchi kidogo. Halafu akasimama, atazame tu kwa mbali. Halafu akasogea, atazame kwa karibu. Mwishowe akajikuta amekaa kwenye kiti cha mama, kile chenye magurudumu, miguu haifiki chini. Kioo kilikuwa kimejaa madoa ya mvua, kama mchele uliomwagika sakafuni.

Ndipo akaiona ile nukta. Ilikuwa ndogo, lakini haikuwa na mwendo wa nukta nyingine. Meli kwenye kioo hutambaa, unaweza kumaliza zoezi la hesabu kabla haijasogea. Hii ilikuwa inaruka. Antena ikizunguka, iko hapa. Ikizunguka tena, iko kule. Ikizunguka tena, imeshafika mbele zaidi, kama panzi. Ilikuwa inakwenda upande wa kusini, kuelekea rasi, ile ncha ya nchi kavu iliyoingia baharini. Kisha ikaingia kwenye madoa ya mvua, naye akaipoteza.

Alitaka kuiona tena, hilo tu. Akashika kitufe akakizungusha kidogo. Madoa yakapungua. Akakizungusha zaidi. Madoa yakaisha yote, kioo kikatakata kikawa cheusi, na ile meli kubwa ikabaki peke yake katikati. Sumaku alisubiri panzi wake atokee. Hakutokea.

Akasikia viatu vya mama ngazini. Kabla mlango haujafunguliwa alikuwa amesharudi kwenye benchi, daftari liko juu chini. Kitufe kilibaki kulekule alikokifikisha.

Mama aliingia sketi yake ikidondosha maji. Akatazama kioo akashusha pumzi. "Afadhali," alisema. "Mvua imepungua huko baharini." Akakaa. Baadaye sana, mvua ilipokwisha, mama alipogeuka kujimiminia chai kutoka kwenye chupa, Sumaku alinyoosha mkono akakirudisha kitufe kwenye sifuri. Mama hakujua kama kilitoka, wala hakujua kama kilirudi. Sumaku akajisifu moyoni kwamba yamekwisha salama.

Yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza. Jioni wako nyumbani, mama anamenya viazi, simu ikalia. Mama alisikiliza, kisu kikasimama mkononi.

"Mungu wangu," alisema. "Haijafika? ... Hapana, Nahodha. Kwenye kioo changu hakikupita kitu. Kilikuwa safi kabisa."

Alipokata simu alikaa kwenye kiti cha jikoni. Kuna ndege ndogo, alisema, iliyokuwa inatoka visiwani na muuguzi mmoja ndani. Mvua ilikuwa imefunika uwanja, rubani akashindwa kutua. Akasema kwenye redio kwamba anatafuta pengine pa kushuka, kisha sauti yake ikakatika. Tangu hapo, kimya.

"Rubani nani?" Sumaku aliuliza, ingawa mji mzima ulikuwa na rubani mmoja tu wa ndege ile.

"Baba yake Chiriku."

Chiriku alikuwa anakaa dawati moja na Sumaku. Alipewa jina la ndege yule kwa sababu mdomo wake haukuwa na siku ya mapumziko. Nusu ya maneno yake yalikuwa juu ya baba: baba kapita juu ya mawingu, baba kaona nyangumi, baba kasema akikua atamfundisha kurusha ndege.

"Sasa wanamtafuta wapi?" Sumaku aliuliza tena.

"Kaskazini. Angeweza kwenda kaskazini, kwenye fukwe ndefu, au kusini, nyuma ya rasi. Lakini kusini ni lazima apite mbele ya rada yetu, na anaporuka chini vile kukwepa mawingu tungemwona. Hatukuona kitu. Kwa hiyo boti zote na ndege ya doria zinakwenda kaskazini."

"Mama..."

"Nini, mwanangu?"

Mama alikuwa amekunja uso, ameshachukua mwavuli arudi kazini. Sumaku aliyafikiria maneno yake na kila neno lilimtisha. Akisema, atasema pia kwamba kiti kilikuwa kitupu. Mama atafukuzwa. Tena kulikuwa na jambo jingine baya zaidi, ambalo hakuthubutu hata kulifikiri mpaka mwisho. Nukta ilikuwepo. Yeye akazungusha kitufe. Nukta ikatoweka. Na sasa ndege imetoweka.

"Hakuna kitu," alisema.

Jirani alikuja kulala pale nyumbani usiku ule. Sumaku hakupata usingizi. Kila akifumba macho aliona kioo cheusi, kisafi, na kidole chake mwenyewe. Alijiambia kwamba asubuhi watakuwa wamempata huko kaskazini, na hapo hakutakuwa na haja ya mtu yeyote kusema lolote. Asubuhi redio ya jirani ilitangaza kwamba ndege bado haijulikani ilipo.

Chiriku alikuja shuleni. Hilo Sumaku hakulitarajia. Alikuwa amevaa sweta kinyume, mshono uko nje, na hakuna mtu aliyethubutu kumwambia. Alikaa akatoa madaftari yote, akayapanga, akayarudisha mkobani.

"Mama kaniambia nije," alisema bila kuulizwa. "Nyumbani kumejaa watu. Wanalia kama vile tayari."

Sumaku alifungua daftari lake, akalifunga.

"Mama yako si anaona kila kitu huko baharini?" Chiriku alimgeukia. "Hata boya anaona. Sasa ndege nzima angekosaje kuiona? Maana yake baba hakupita huko, eti? Maana yake yuko kaskazini. Watamkuta tu."

"Eeh," Sumaku alisema.

Kengele ya somo la kwanza ililia. Mwalimu wa sayansi aliandika kitu ubaoni, na Sumaku hakukiona. Alikuwa anatazama ule mshono wa sweta. Aliwaza kwamba Chiriku anamtegemea mama, mama anakitegemea kioo, na kioo kilisema uongo kwa sababu yake. Watu wote wale, na boti zote zile, walikuwa wanaufuata uongo wa kidole chake. Mwishowe akapiga moyo konde, akasimama katikati ya somo, akaenda mbele.

"Mwalimu, naomba ruhusa niende bandarini."

"Bandarini? Kufanya nini saa hizi?"

Alimnong'oneza. Mwalimu, ambaye kwa kawaida alikuwa na mzaha wa kila tukio, hakufanya mzaha wowote. Aliiweka chaki mezani, akamwambia kiranja asimamie darasa, akamshika Sumaku mkono. Walikiteremka kile kilima nusu wakitembea, nusu wakikimbia.

Chumba cha rada kilikuwa kimejaa. Kulikuwa na ramani iliyotandazwa mezani, vikombe vya chai iliyopoa, na redio iliyokuwa inakoroma. Mama alikuwa bado kwenye kiti, macho mekundu. Nahodha alikuwa ameinamia ramani, na kalamu yake ilikuwa inatembea kaskazini.

"Shikamoo babu," Sumaku alisema. "Ndege ilipita hapa. Niliiona."

Kalamu ilisimama. Mama akageuka na kiti chake.

"Uliona nini, wewe? Uliona wapi?"

"Kwenye kioo. Uliposhuka kwenye jenereta nilikaa kwenye kiti. Kulikuwa na nukta inaruka. Nikazungusha kitufe niione vizuri, ikafutika." Machozi yalikuwa yameshaanza, lakini aliyaacha yateremke, hakuacha kusema. "Ulipokuwa unamimina chai nikakirudisha. Mvua ilikuwa haijapungua, mama. Ni mimi niliyeifuta. Nimeifuta na ndege."

Sumaku alimtazama mama, akaona uso wake ukibadilika, hasira ikija, kisha hasira ikiondoka na kitu kingine kikibaki. Mama alisimama kutoka kwenye kiti.

"Nahodha," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Hata mimi nina la kusema. Jana ulipouliza, sikukwambia kwamba niliacha kiti. Nilijiambia ni muda mfupi, hauhesabiki. Nilikuta kioo safi nikafurahi, sikuangalia hata kitufe."

Nahodha aliivua miwani. Mtu angedhani atafoka, maana mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka. Badala yake alimvuta Sumaku kwa bega, akamkalisha kwenye kiti cha magurudumu.

"Kwanza nisikilize," alisema. "Kitufe kile hakifuti ndege angani. Kinafuta macho yetu tu. Ndege iliendelea na safari yake, ni sisi tuliopofuka. Umeelewa? Haya, futa machozi. Ilirukaje?"

"Kama panzi. Hapa, halafu hapa, halafu hapa."

"Ni chombo gani cha baharini kinachoruka hivyo?" Nahodha aliuliza chumba kizima, na jibu lilikuwa wazi. Antena huchukua muda kuzunguka. Meli haifiki mbali katika muda huo, lakini ndege hufika.

Mama alikuwa ameshairudisha nyuma picha iliyohifadhiwa na mashine. Walikuwa wameitazama usiku kucha. Mwisho wake ulikuwa kioo safi, na mwanzo wake ulikuwa madoa ya mvua tu, na katika madoa elfu moja, nani atajua lipi ni la ndege? Sumaku ndiye aliyejua. Akaweka kidole juu ya kioo, na safari hii hakuna aliyemkemea. Hapa. Hapa. Na hapa. Walipoyafuata yale madoa matatu peke yake, yakawa mstari ulionyooka kwenda kusini, ukikunja kidogo kuizunguka rasi.

"Nyuma ya rasi kuna mikoko," Nahodha alisema. "Tope laini, maji kidogo. Ningekuwa rubani ningeshuka hapohapo." Akaitazama saa, akaitazama ramani, uso ukamwiva. "Na hizi ni siku za bamvu. Maji yanajaa kuliko kawaida. Mchana huu yatajaa tena." Akainyakua redio. "Boti zote, boti zote. Geukeni. Nendeni kusini, nyuma ya rasi, kwenye mikoko. Narudia, kusini."

Kilichobaki ni kusubiri, na kusubiri kule kulikuwa kubaya kuliko usiku wote uliopita. Boti zilikuwa mbali, upande wa kaskazini zilikopelekwa. Mwalimu alikaa kwenye benchi la dirishani akiwa ameshika kichwa. Mama hakumgusa Sumaku wala hakumgombeza, alisimama tu nyuma ya kiti, akitazama bahari inavyopanda kwenye nguzo za gati. Sumaku naye aliitazama. Kila maji yalipomeza sehemu ya nguzo, alihisi kana kwamba yanamjaa yeye kifuani.

Redio ilikoroma mara nyingi bila habari. Kisha ikasema, "Tunaiona. Imelalia tumbo kwenye matope. Maji yamefika kwenye mbawa."

"Watu?" Nahodha aliuliza. "Watu, bwana!"

Sumaku aliuma kiganja chake.

"Wawili, na wote wanapumua. Rubani mguu umenaswa, muuguzi amemshikilia kichwa kiwe juu ya maji. Tunamkata sasa hivi. Tungechelewa kidogo..." Mtu wa kwenye redio hakumalizia, na hakuna aliyemwomba amalizie.

Mwalimu wa sayansi alilia waziwazi, akasingizia mafua.

Furaha haikufuta yaliyotangulia. Nahodha aliandika taarifa yake jioni ileile, na akawa wa kwanza kujitaja mwenyewe ndani yake, kwamba yeye ndiye aliyeruhusu mtoto kukaa kwenye chumba cha kazi. Mama aliondolewa kwenye rada mpaka uchunguzi uishe, akapelekwa stoo ya chini kugawa kamba na makoti ya mvua. Sumaku alipigwa marufuku kupanda ngazi zile. Mama alirudi nyumbani akala, kisha akamwita.

"Leo watu wengi wameniambia nina mtoto shujaa," alisema. "Nimewaitikia. Lakini mimi na wewe tunajua. Umenivunja moyo jana, umeniunga leo. Yote mawili ni kweli."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Nami nisamehe. Sharti la kusema nililokufundisha wewe, lilinishinda mimi mwenyewe."

Habari ilienea mjini kwa namna habari zinavyoenea, yaani ikiwa imevaa nguo nzuri kuliko zake. Watu walisema binti wa rada alikuwa ameona kitu bila kujua ni nini, akakumbuka ghafla darasani, akaokoa maisha ya watu. Shuleni walimpigia makofi paredi. Sumaku alisimama pale mbele akatamani ardhi ipasuke. Hakuna aliyemuuliza swali, kwa hiyo hakuwa amedanganya. Hivyo ndivyo alivyojaribu kujifariji, na faraja ile haikumkaa.

Jumamosi mama alimpeleka hospitali. Rubani alikuwa amelala kitanda cha mwisho, mguu umening'inizwa, mdomo umepasuka kwa chumvi. Chiriku alikuwa amekaa ukingoni. Alipomwona Sumaku aliruka akamkumbatia.

"Nimemwambia baba yote!" alisema. "Nimemwambia ulivyokumbuka palepale darasani. Najua ungekumbuka mapema ungesema mapema. Si ndiyo?"

Mlango wa kutorokea ulikuwa wazi kabisa, tena umefunguliwa na rafiki yake mwenyewe. Ilitosha kutikisa kichwa. Mama alibaki nyuma, karibu na mlango.

"Sikukumbuka," Sumaku alisema. "Sikuwa nimesahau. Nilijua tangu jioni ileile, simu ilipopigwa. Hata asubuhi uliponiuliza, nilikuwa najua. Niliogopa."

Mikono ya Chiriku ilimwachia. Alirudi nyuma mpaka akagonga kitanda. Hakulia wala hakufoka, alimtazama tu kama mtu anayejaribu kusoma maandishi yaliyopauka.

Rubani alimwashiria Sumaku kwa mkono. "Njoo hapa, mwanangu," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza. "Usiku ule nilisikia ndege ya doria. Mbali, upande wa kaskazini, inakwenda na kurudi. Nilijua ni mimi ninayetafutwa, na nilijua hawatakuja huku. Maji yalinifika hapa." Akaonyesha kidevu. "Yakashuka, nikajua yatarudi. Sikudanganyi kwamba haiumi kusikia unayoniambia. Inauma."

Sumaku aliinamisha kichwa.

"Niangalie. Kosa la kidole ni la kitoto, hata mimi nililitenda utotoni, niliwahi kuzima taa za mtaa mzima. Kosa la mdomo ndilo lililoniweka kwenye maji usiku kucha. Ukweli hauharibiki ukicheleweshwa, mwanangu. Anayeharibika ni yule anayeusubiri. Siku nyingine ukiwa nao, usiulize kwanza utakugharimu nini wewe. Uliza nani yuko kwenye maji." Akapumzika, akavuta pumzi kwa shida. "Lakini hili la leo hakuna aliyekulazimisha. Nimeliona."

"Asante, baba," Sumaku alisema, na alimaanisha.

Akamgeukia Chiriku. Chiriku alikuwa ameshika shuka la baba yake, anakunja pindo lake na kulikunjua.

"Nenda," Chiriku alisema bila kuinua macho. "Leo sitaki kukuona." Walipofika mlangoni wakamsikia tena, kwa sauti ndogo iliyojaa hasira bado. "Kesho uje."

Kesho yake alikwenda.